Mapigo Yaliyopotoka: Umeme wa Moyo, Damu na Jicho la Muuguzi

Kengele ya monita inalia. Kwenye skrini michoro imepanuka ghafla, inafukuzana kwa kasi ya mapigo 200 kwa dakika, na maandishi mekundu yanasema VT, yaani moyo unaendeshwa mbio kutoka vyumba vyake vya chini. Muuguzi mgeni anakimbilia mashine ya kushtua moyo. Mwenzake aliyeizoea wodi anakwenda moja kwa moja kitandani na kumkuta mgonjwa ameketi, beseni mapajani, anapiga mswaki. Mkono unapotulia, mstari nao unatulia.

Waliofanya kazi kwenye wodi zenye monita hukisimulia kisa hiki wakicheka. Kinyume chake kipo pia, nacho hakichekeshi hata kidogo: skrini inaonyesha mapigo 80 yaliyopangika vizuri, kengele iko kimya, na ukimgusa mgonjwa shingoni hakuna mshipa unaogonga. Umeme unapita moyoni kama kawaida, lakini pampu imesimama.

Monita hupima umeme, haipimi damu. Mtu akilishika hilo barabara, sehemu kubwa ya somo hili ambalo wanafunzi wa uuguzi huliogopa inaanza kufunguka. Ugumu wake hautokani na majina mengi ya midundo. Unatokana na kulazimika kusoma vitu viwili kwa wakati mmoja, mstari na mtu, kisha kuamua ni kipi kinasema kweli.

Nani anaendesha moyo?

Moyo haungoji amri ya ubongo ili upige. Juu kwenye chumba cha kulia kipo kifundo kidogo cha seli kiitwacho kifundo cha SA, ambacho Arthur Keith na Martin Flack walikieleza mwaka 1907. Hicho ndicho dereva. Hutoa cheche 60 hadi 100 kwa dakika mtu mzima akiwa ametulia. Cheche husambaa vyumba vya juu, hufika kwenye kifundo cha AV kilichoelezwa na Sunao Tawara mwaka 1906, na hapo hucheleweshwa kidogo. Ucheleweshaji huo una kazi yake: vyumba vya juu vinapata nafasi ya kumimina damu chini kabla vyumba vya chini havijakaza. Baada ya hapo umeme hushuka kwa njia ya haraka yenye matawi mawili, kulia na kushoto, na misuli yote ya chini hukaza karibu kwa pamoja.

Dereva akishindwa, wapo wa akiba. Eneo la kifundo cha AV linaweza kuendesha kwa mapigo 40 hadi 60. Na hilo likishindwa, vyumba vya chini hujiendesha vyenyewe kwa 20 hadi 40, polepole na bila uhakika. Kwa hiyo ukiona mapigo 32 yenye michoro mipana, kabla hujakumbuka jina lolote la kitabuni umeshajua jambo zito: dereva hayupo, msaidizi wake hayupo, na utingo ndiye aliyeshika usukani.

Herufi P, Q, R, S na T ni za Willem Einthoven, Mholanzi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi yake ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo. P ni umeme wa vyumba vya juu, QRS ni wa vyumba vya chini, na T ni vyumba vya chini vikijiandaa kwa mpigo unaofuata. Karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, hivyo kisanduku kidogo ni sekunde 0.04 na kikubwa ni 0.2. Toka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS panatakiwa pawe na visanduku vidogo vitatu hadi vitano. QRS yenyewe isifike vitatu.

Kuhesabu ni rahisi. Mdundo ukiwa sawasawa, gawa 300 kwa idadi ya visanduku vikubwa kati ya R moja na nyingine. Ukiwa haueleweki, hesabu R zilizomo ndani ya visanduku vikubwa 30, ambavyo ni sekunde sita, kisha zidisha kwa kumi. Ukishapata kasi, tazama kama midundo imepishana sawa, kama kila QRS imetanguliwa na P yake, na kama QRS ni nyembamba au pana. Nyembamba maana yake umeme umepita njia yake ya kawaida, basi chanzo kiko juu. Pana maana yake ama chanzo kiko chini, ama njia imeziba tawi moja. Pana na ya kasi kwa mtu mzima ichukuliwe kuwa VT hadi ithibitike vingine. Ukikosea kwa upande huo, kosa lako halitakuwa la hatari.

Anavumilia?

Mapigo 45 kwa mwanariadha aliyelala ni usingizi mzuri. Mapigo 45 hayohayo kwa mgonjwa aliyelowa jasho baridi, anayekuuliza mara ya tatu yuko wapi, ni dharura. Namba haijabadilika.

Dalili za kwamba mdundo unamwelemea mgonjwa hazihitaji mashine kubwa: presha iliyoshuka, fahamu zinazoyumba, ngozi baridi yenye jasho, maumivu ya kifua, na pumzi inayokata kwa sababu maji yanajaa mapafuni. Mojawapo ikiwepo, na mdundo ndio unaoisababisha, basi muda wa kubishana juu ya jina la mdundo umekwisha.

Maneno “na mdundo ndio unaoisababisha” yasirukwe. Moyo unaokwenda 120 hadi 140, P zikiwa mahali pake, mara nyingi si ugonjwa wa moyo. Ni moyo unaojibu homa, maumivu, upungufu wa maji au damu inayovuja mahali usipopaona. Ukiupunguza kwa dawa bila kutafuta sababu, umeizima kengele na moto umeuacha. Chini ya mapigo 150, ni nadra kwa mtu mzima mwenye moyo uliokuwa mzima kudhoofika kwa sababu ya kasi peke yake. Kwa maoni yangu huu ndio mdundo unaodharauliwa kuliko yote wodini, kwa kuwa jina lake, sinus tachycardia, halitishi. Mgonjwa aliyetoka upasuaji saa nne zilizopita, mapigo yakapanda toka 88 hadi 104, kisha 118, presha ikiwa bado nzuri, anakueleza jambo. Funua shuka. Angalia bandeji, mfuko wa mkojo, tumbo.

Mdundo usio na mpangilio

Ukisikia wauguzi wakisema AF, wanamaanisha vyumba vya juu vimeacha kukaza na sasa vinatetemeka tu. P zimepotea, mahali pake pana mstari wenye vijikunjo, na QRS zinakuja zinavyotaka, bila mpangilio wowote. Hata bila monita vidole vinaujua: mpigo, mpigo, kimya, mpigo mdogo, mipigo mitatu ya haraka.

Hapa kuna kazi ya mikono ambayo ningependa isipotee. Wauguzi wawili, wakitazama saa ileile ya mkononi. Mmoja anaweka stethoskopu kwenye ncha ya moyo chini ya titi la kushoto, mwingine anashika mshipa wa kifundo cha mkono. Wanaanza pamoja na kuhesabu dakika nzima, si sekunde 15 mara nne. Wa kwanza anapata 128, wa pili 96. Tofauti ya 32 ni mipigo iliyotoka moyoni ikiwa dhaifu mno kufika mkononi, kwa sababu chumba kilikaza kabla hakijajaa damu. Mashine ya presha au kidude cha oksijeni cha kidoleni kingekuandikia 96, nawe ungeridhika. Hata presha yenyewe kwa mgonjwa wa aina hii ni vyema irudiwe kwa mkono, kwa kuwa mashine huchanganywa na mipigo isiyolingana.

Hatari kubwa ya AF haiko kwenye kasi. Damu inayotuama katika kifuko kidogo cha chumba cha juu cha kushoto huganda, bonge hukatika, na safari yake mara nyingi huishia ubongoni. AF huongeza uwezekano wa kiharusi takriban mara tano. Ndiyo maana swali “ilianza lini?” linapotoka kwa muuguzi wa mapokezi lina uzito kuliko linavyosikika. AF ikishapita saa 48, au ikiwa mwanzo wake haujulikani, kuurudisha mdundo kwa umeme au dawa kunaweza kulirusha bonge lililokwisha kujengeka. Kwa kawaida mgonjwa asiye katika hatari ya papo hapo hupewa kwanza dawa za kuzuia damu kuganda kwa wiki tatu. Jibu la mgonjwa, “nilihisi moyo ukirukaruka tangu juzi jioni”, liandikwe kama alivyolisema, na saa yake.

Sekunde kumi za adenosini

SVT, yaani mbio zinazoanzia juu ya vyumba vya chini, ni kasi nyingine, lakini yenye nidhamu: QRS nyembamba, sawasawa kama cherehani, mara nyingi 150 hadi 250 kwa dakika, imeanza ghafla na inaweza kuisha ghafla. Umeme umepata njia ya kuzunguka na unajirudia. Ukikatwa mara moja, dereva wa kawaida anarudi.

Mgonjwa akiwa imara, jaribio la kwanza halina sindano. Anapuliza kwa nguvu kwenye sirinji ya mililita 10, kiasi cha kusogeza pistoni, kwa sekunde 15, akiwa ameegemea. Kisha analazwa chali mara moja na miguu yake kuinuliwa nyuzi 45 kwa sekunde nyingine 15. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa njia hii ya kuinua miguu ilirudisha mdundo kwa asilimia 43 ya wagonjwa, dhidi ya 17 kwa wale waliopuliza tu. Kitu kisichogharimu chochote, na bado kuna mahali hakijazoeleka.

Isipofaa, daktari ataagiza adenosini, dawa inayokata umeme kwenye kifundo cha AV kwa muda mfupi, na hapo mkono wa muuguzi ndio unaoamua kama dawa itafika. Nusu ya dawa hii hutoweka kwenye damu ndani ya sekunde zisizofika kumi. Kanula iliyo nyuma ya kiganja haifai. Tafuta mshipa mkubwa wa kwenye kiwiko. Miligramu 6 zinasukumwa kwa mkupuo, zikifuatwa papo hapo na mililita 20 za maji ya chumvi, mkono umeinuliwa. Mdundo usipokatika, kinachofuata ni miligramu 12. Mgonjwa akiwa na pumu, daktari aarifiwe kabla. Mashine ya kushtua iwe karibu, na karatasi ya ECG iendelee kutoka muda wote, kwa sababu hata dawa isipoutuliza mdundo, ule mwanya wa sekunde chache mara nyingi hufichua mdundo wa kweli ni upi.

Na umwambie mgonjwa. Mstari utalala kwa sekunde kadhaa, naye atahisi kifua kimebanwa na kama anakufa. “Mama, dawa hii itakufanya ujisikie vibaya sana kwa muda mfupi, kama moyo umesimama. Itapita haraka. Mimi niko hapa, nimekushika mkono.” Aliyeambiwa huvumilia. Ambaye hakuambiwa hataisahau siku hiyo, na akiugua tena atachelewa kuja.

Polepole mno

Upande wa mapigo ya taratibu, la kuangalia ni uhusiano wa P na QRS. P ikichelewa tu, lakini kila moja ikafika, tunafuatilia na kupitia orodha ya dawa. P zikizidi kuchelewa hatua kwa hatua hadi moja ikose QRS, mara nyingi bado kuna muda. Zinazotisha ni mbili: P zinazofika vizuri kisha moja ikakosa QRS ghafla bila onyo, na ile hali ambapo P zina mwendo wao na QRS zina wao, kama majirani wasiosalimiana. Hizo zinaweza kuishia kwenye kimya wakati wowote.

Atropini, dawa ya kuongeza kasi ya moyo, miligramu 1, ikirudiwa kila dakika tatu hadi tano mpaka jumla ya 3, ndiyo hujaribiwa kwanza kwa mtu mzima aliyeelemewa. Lakini kizuizi kikiwa chini ya kifundo cha AV na QRS ni pana, usiisubiri ifanye miujiza. Vibandiko vya kuuendesha moyo kwa umeme kupitia ngozi viwe vimeshabandikwa. Na ukishawasha, pima mapigo kwenye mshipa wa kinena, si shingoni. Umeme huo hurusharusha misuli ya shingo, na vidole vyako vitasadiki kuwa vinahisi damu kumbe vinahisi nyama.

Pasipo na mshipa

Mgonjwa hajibu, hapumui sawasawa. Tafuta mshipa wa shingo kwa muda usiozidi sekunde kumi. Haupo, au una shaka: anza kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita tano hadi sita, na ita msaada. Mdundo utasomwa mashine ikifika.

Ikionyesha VF, yaani vyumba vya chini vinatetemeka bila kukaza, au VT isiyo na mshipa, dawa ni umeme, na kila dakika inayopita inapunguza nafasi. Ikionyesha mstari uliolala, au ule mdundo mzuri usio na damu niliouanza nao, umeme hausaidii kitu. Hapo ni kukandamiza, adrenalini miligramu 1 kila dakika tatu hadi tano, na kutafuta sababu: damu iliyopotea, oksijeni iliyokosekana, potasiamu iliyoharibika, hewa iliyobana pafu, maji yaliyouzunguka moyo, bonge kwenye mapafu, sumu. Mstari ulionyooka kabisa kama rula nao utiliwe shaka. Huenda waya umechomoka.

Kuna kitufe kidogo kwenye mashine kinachoweza kukuaibisha. Mgonjwa wa VT mwenye mshipa lakini aliyeelemewa hushtuliwa kwa umeme unaosubiri R, kwa kuwa ukiangukia juu ya T unaweza kugeuza VT kuwa VF. Kwa hiyo kitufe cha kusubiri huwashwa. Kwenye VF hakuna R. Kikisahaulika kikiwa kimewashwa, mashine itangoja alama isiyokuja, nawe utabonyeza na kubonyeza bila chochote kutoka.

Kwa wanaodhani haya ni mambo ya daktari tu, ni vizuri kukumbuka kwamba wodi maalumu za moyo za mwanzoni, kama ile iliyofunguliwa na Hughes Day huko Kansas City mwaka 1962, hazikuzaa matunda kwa sababu ya monita peke yake. Wauguzi walifundishwa kusoma mdundo na kuruhusiwa kuushtua moyo wenyewe, badala ya kumngoja daktari huku mgonjwa akipotea.

Kabla kengele haijalia

Midundo mingi mibaya hutangulizwa na jambo dogo lililoandikwa kwenye faili. Potasiamu ya kawaida kwenye damu ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Ikishuka, mipigo ya ziada huanza kujitokeza. Ikipanda, T huchongoka kama hema, P hufifia, QRS hupanuka. Potasiamu ya mshipa haisukumwi kwa sirinji, kamwe. Dawa kama haloperidoli, eritromisini na methadoni hurefusha muda wa QT, yaani toka mwanzo wa Q hadi mwisho wa T, na mbili zikikutana kwa mgonjwa anayeharisha unaweza kupata ile VT inayojisokota kama utepe, ambayo tiba yake ya kwanza mgonjwa akiwa na mshipa ni magnesiamu gramu 2. Kabla ya kutoa digoksini, dawa ya moyo inayopunguza mapigo, sikiliza ncha ya moyo dakika nzima. Mtu mzima akiwa chini ya 60, au akilalamika kichefuchefu na kuona rangi ya manjano, zuia dozi na mpigie daktari.

Mipigo ya ziada yenyewe isikutie kiherehere. Mwaka 1989 utafiti wa Marekani ulioitwa CAST ulilazimika kusimamisha dawa mbili, enkainidi na flekainidi. Zilikuwa zimeipunguza sana mipigo ya ziada kwa watu waliowahi kupata shambulio la moyo. Mistari yao ilipendeza, na walikufa zaidi ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Kengele za uongo nazo zina madhara, maana sikio linalozisikia mchana kutwa huacha kuzisikia. Ngozi isafishwe na kukaushwa, vibandiko vibadilishwe kila siku, mipaka ya kengele ilingane na mgonjwa huyu. Na tahadhari na rangi za waya: kwenye mfumo wa Ulaya wekundu ni wa mkono wa kulia, kwenye wa Marekani ni wa mguu wa kushoto. Soma herufi zilizoandikwa kwenye waya, rangi usiziamini.

Ukimpigia daktari usiku, usiseme tu kwamba “monita inaonyesha kitu”. Sema: “Daktari, ni mgonjwa wa kitanda cha sita, shambulio la moyo siku ya pili. Saa nane na dakika kumi usiku amepata mdundo mpana wa 170, sawasawa, umeendelea hadi sasa, dakika nne. Ana mshipa, anaongea, presha 84 kwa 50, amelowa jasho, kifua kinamuuma. Potasiamu ya jioni ilikuwa 3.1. Oksijeni ipo, kanula mbili zipo, vibandiko vimeshabandikwa, karatasi ya mdundo ninayo mkononi. Nahitaji uje sasa.”